Mashudu pekee hayanenepeshi sato

Zaidi ya nusu ya gharama za kufuga sato huishia kwenye chakula, hasa protini. Ndiyo maana wafugaji wengi Kanda ya Ziwa hupunguza dagaa, wanaogombewa na watu na kuku, na kujazia mashudu ya alizeti au pamba. Hesabu hutimia: sato wa kuuzwa huhitaji protini takriban asilimia 30, vifaranga zaidi ya hapo. Lakini samaki hudumaa.

Kisa ni amino asidi, vijenzi vya protini. Sato hutegemea chakula kumpatia aina 10. Moja ikipungua, nyingine hazijengi nyama bali hutolewa majini kama amonia. Mashudu hayo yana lisini kidogo. Soya inayo ya kutosha, ila imepungukiwa methionini, ambayo alizeti inayo. Basi zichanganywe, na dagaa kidogo. Soya mbichi huzuia mmeng'enyo, ikaangwe kwanza.

Bei ya mfuko peke yake hudanganya. Kwa mfano, kilo 1.5 za chakula cha Sh2,000 zikitoa kilo moja ya samaki, gharama ni Sh3,000. Chakula cha Sh1,200 kikihitajika kilo 3, ni Sh3,600, bado miezi ya ziada bwawani.