Udi Haukukosea, Nilikosea Mimi

Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi giza hilo lilinikuta likizoni, Mombasa, nyumbani kwa ami yangu.

Baada ya chai ya jioni, ami alichukua udi wake akaanza kupiga. Nami, kwa vile nimejifunza piano kidogo hapa shuleni, nikajiona fundi. Nikacheka. "Ami, uzi mmoja umelegea. Hiyo sauti haiko!"

Hakukasirika. Alinijibu tu, "Haiko kwenye piano yenu, mwanangu. Huku iko."

Kumbe! Muziki wa Kiarabu hufuata mipangilio ya sauti iitwayo makamu (msidhani namsema makamu wa rais!). Chukueni makamu ya Rasti. Sauti yake ya tatu huangukia katikati ya kibao cheusi na cheupe vya piano. Bonyezeni mtakavyo, hamtaipata.

Sasa, ala za Kiarabu huipataje? Udi, wenye tumbo kama nusu ya peasi, hauna vyuma shingoni kama gitaa. Kidole hutua popote sikio linapotaka. Kanuni hulazwa mapajani au mezani. Ina nyuzi zaidi ya 70, kila sauti nyuzi 3, na hupigwa kwa kucha za bandia zilizovishwa vidole vya shahada. Pembeni ina vyuma vidogo. Mpigaji akiinua kimoja, uzi hufupika na sauti hupanda kidogo tu. Nai ni kipande cha tete chenye matundu 6 mbele na 1 nyuma. Mpigaji huinamisha kichwa na kubadili pumzi, sauti ikateleza. Hata fidla, iliyotoka Ulaya, ilipokewa Misri katika karne ya 19, maana shingo yake pia ni laini. Dumbaki na riki, ile tari ndogo yenye matuazi, kazi yao ni kushika mapigo.

Piano je? Mwaka 1932 wataalamu walikutana Cairo katika kongamano la muziki wa Kiarabu. Wengine waliitaka piano, wengine wakaikataa kwa sababu hiyo hiyo ya ami.

Ala hizi ndizo zilizovuka bahari zikaingia katika taarab ya Unguja na Mombasa. Lakini kwa ami hakuna kijana anayejifunza. Watoto wake wanataka kinanda cha umeme, ati udi unachosha vidole.

Basi ami alinipa udi nishike. Niliitafuta ile sauti ya tatu karibu nusu saa. Mara nilipitiliza juu, mara chini, na safari hii aliyecheka ni yeye.

Wanafunzi wenzangu, sikio lisipozoea jambo, tusikimbilie kuliita kosa. Mimi ile sauti sijaipata bado. Likizo ijayo narudi.