Mwarobaini kwa Punda na Mbwa: Dawa Ina Kipimo

Wengi wetu twatumia mwarobaini kufukuza viroboto na kupe. Ni vizuri, lakini tusiseme "si ni majani tu." Kinachodhuru kupe chaweza kudhuru mnyama pia.

Ponda majani, loweka usiku mmoja, chuja. Jaribu kwanza mahali padogo shingoni, ungoje siku moja. Ngozi ikivimba, osha kwa sabuni na uache. Usiweke machoni wala kwenye kidonda.

Mnyama mwenye mimba asinyweshwe kamwe. Mimba yaweza kutoka. Paka naye hujilamba, basi usimpake mafuta ya mbegu zake.

Punda akikataa kula, hiyo si kazi ya majani. Mwite daktari wa mifugo mapema. Punda akifa, mtungi warudi mgongoni mwa mama.