Vitabu vya Wakfu Visivyosomwa: Tuvifanyeje?

Kaskazini ya Kisiwa cha Pemba, upande wa kuelekea Ras Kigomasha, yamesimama magofu ya msikiti wa kale wa Msuka Mjini. Ndani ya mihrabu yake umechorwa mwaka 816 Hijria, sawa na 1414 Miladia. Aliyeuchora hatumjui, lakini zaidi ya karne sita baadaye alama yake ingali inasomeka, na Msuka ungali mji wa chuo na msahafu.

Kwa hiyo tunapozungumza habari za vitabu na watu wa Msuka, hatuzungumzi na wageni wa kusoma. Tunataka kugusia jambo ambalo wengi wetu tunalionea haya: kabati lililojaa vitabu ambavyo hakuna avisomaye, na hakuna athubutuye kuvitoa.

Tuliliona hilo katika chuo kimoja tulichopata kusomesha. Kabati lilijaa hata mlango haufungi. Kijana aliyekuwa akijiandaa na mtihani alitoa humo kitabu cha jiografia, akahifadhi kwamba sayari ni tisa na Sudan ni nchi moja. Pluto ilikwisha kutolewa katika hesabu ya sayari mwaka 2006, na Sudan Kusini ikawa dola mwaka 2011. Kijana yule hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu tuliomwachia kitabu kile. Pembeni yake mlikuwa na juzuu zilizoliwa na mchwa, na vitabu vya lugha za kigeni ambavyo havijapata kufunguliwa. Tulijua hali hiyo, lakini tuliogopa, kwa kuwa kila kimoja kilikuwa sadaka ya mtu.

Wakutubi wamelifikiri jambo hili muda mrefu. Mwaka 1931, mkutubi wa Kihindi S. R. Ranganathan aliandika kanuni tano za maktaba. Ya kwanza ni kwamba vitabu vimewekwa vitumike. Ya nne, kwamba msomaji asipotezewe wakati wake. Kabati lililosongamana huvunja kanuni zote mbili. Mtoto wa Msuka akitaka maktaba ya umma iliyoko Chake Chake, hana budi kupanda gari na kulipa nauli. Hivyo kabati dogo la skuli au la chuo ndiyo maktaba yake ya kila siku. Likimpotosha, hana pengine pa karibu pa kusahihishia.

Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa kuchambua. Karafuu zikishachumwa, familia nzima huketi jamvini, ikatenga karafuu na makonyo. Makonyo hayatupwi, huuzwa yakakamuliwa mafuta. Vitabu navyo vichambuliwe hivyo hivyo, kila fungu lipelekwe panapolifaa.

Kwanza, vitolewe vyote, vifutwe vumbi, viandikwe katika daftari. Kisha kila kitabu kiulizwe maswali machache. Je, yaliyomo yangali sahihi? Hapa vitabu vya sayansi, tiba, jiografia na mitaala huchakaa upesi kuliko vya fasihi na historia. Je, lugha na kiwango chake vinawafaa wasomaji wa hapa? Lini kiliazimwa mara ya mwisho? Kuna nakala ngapi? Je, kinaweza kutengenezwa? Maamuzi yasiwe ya mtu mmoja. Wakae mwalimu, mzazi na mwanafunzi mkubwa. Kitakachotolewa kigongwe muhuri na kufutwa daftarini, kisije kikarudi kwa mlango wa nyuma.

Linabaki suala la wakfu, na hapa haraka haifai. Madhehebu ya Imam Shafi, yafuatwayo na wengi wetu katika mwambao huu, ni makali katika kuuza au kubadilisha kilichowekwa wakfu. Wanazuoni wa Kihanbali wameruhusu kibadilishwe pindi manufaa yake yanapokatika. Basi kabla ya kugusa kitabu cha wakfu, aulizwe kadhi, au Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Kilichotolewa kuwa zawadi tu kina wepesi zaidi, nacho chaweza kupelekwa skuli nyengine inayokihitaji.

Misahafu na juzuu zilizochakaa zina adabu zake. Wanazuoni wametaja kuzika mahali safi pasipokanyagwa, na kuchoma hadi majivu. Imepokewa kwamba Sayyidna Uthman (R.A.), baada ya kunakiliwa misahafu na kupelekwa miji mbalimbali, aliamuru nakala nyengine zichomwe, ili umma usihitalifiane. Aibu kubwa ni kuziuza karatasi hizo kwa uzani, kisha tukaona aya imefungiwa njugu sokoni.

Hata hivyo, si kila kikuukuu ni taka. Mwaka 1972, mafundi waliokuwa wakitengeneza Msikiti Mkuu wa Sana'a, Yemen, walikuta darini vipande vya misahafu ya karne za mwanzo za Uislamu. Lamu, miswada ya Msikiti wa Riyadha imepigwa picha ili isipotee. Basi chochote kilichoandikwa kwa mkono, kiwe cha Kiarabu au cha Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kisichomwe wala kisizikwe kabla ya kuonyeshwa wajuzi, wakiwamo wa Nyaraka za Taifa za Zanzibar. Huenda katika kabati la bibi yako mna utenzi usiokuwa na nakala nyengine duniani.

Nasi wa majumbani tuanze na rafu zetu. Siku moja ya likizo, baba na mama waketi na watoto, kila mtoto achague vitabu anavyovisoma na aseme kwa nini. Na wewe unayenuia kutoa sadaka ya vitabu, muulize mwalimu kwanza kinahitajika nini. Nakala tano za kitabu ambacho watoto wanakigombania zina faida kuliko katoni nzima ya visivyosomeka.

Chuo tulichokitaja kilichambua kabati lake hatimaye. Vitabu vilivyobaki havikufika nusu, na mlango ukafunga. Juma lile lile watoto walianza kuazima, kwa kuwa sasa walikuwa wanaona kilichomo.