Ndani ya Soyuz: Chumba Kilichopimwa kwa Mwili wa Mtu

Soyuz, chombo cha Urusi kilichoanza kubeba watu mwaka 1967, kina sehemu tatu. Mbele ni chumba cha mviringo chenye choo na mizigo. Nyuma ni injini, ambako mtu haingii. Katikati ndimo wanaanga wanamorukia na kurudia: kibanda chenye umbo la kengele, kisichozidi mita 4 za ujazo kwa watu watatu.

Viti vimebanana bega kwa bega, kamanda akiwa wa kati. Wote hulala chali, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani, na mpangilio mzima umejengwa juu ya mlalo huo. Chombo kinapoingia angahewa, mwili huelemewa kwa mara 4 hadi 5 ya uzito wake. Anayeketi wima damu humshukia miguuni, ubongo ukakosa oksijeni, akazimia. Aliyelala chali hukandamizwa kifua, kupumua kukawa kazi, lakini damu huendelea kufika kichwani.

Kila tandiko la kiti ni la mtu mmoja tu. Mwanaanga hulazwa kwenye jasi laini, na alama ya mgongo wake ndiyo hutoa umbo. Upande wa kichwa huachwa upenyo, kwani angani diski za uti wa mgongo hutanuka na mtu hurefuka kwa sentimita kadhaa. Bila upenyo huo, kishindo cha kutua kingemuumiza. Na kishindo kipo, hata baada ya parachuti, na hata roketi ndogo zinapowaka chini ya mita moja kutoka ardhini katika nyika za Kazakhstan. Ndiyo maana viti huinuliwa mapema, vipate pa kudidimia.

Mbele ya uso kuna skrini na swichi. Kamanda, kwa kubanwa na mikanda na suti, hafikii vitufe vyote. Hubonyeza kwa kijiti.

Suti hiyo ina historia chungu. Tarehe 30 Juni 1971, vali ya hewa ya Soyuz 11 ilifunguka ikiwa bado juu sana. Ilikuwa chini ya viti, na hewa iliisha kabla haijafungwa kwa mkono. Georgi Dobrovolsky, Vladislav Volkov na Viktor Patsayev, waliosafiri bila suti, walifariki wote. Tangu hapo suti ni lazima wakati wa kuruka na kutua. Nafasi ya mtu mmoja ilichukuliwa na vifaa vya hewa, na kiti cha tatu hakikurudi hadi Soyuz T-3, Novemba 1980.