Mhadhiri Asiyeona Nyuso

Tarehe 17 Machi 2020, kutokana na janga la korona, serikali ya Uswidi ilivitaka vyuo vikuu vyote vifundishe kwa masafa kuanzia kesho yake. Shule za msingi ziliendelea kama kawaida. Mjini Stockholm, wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Stockholm pale Frescati, na wenzao wa chuo cha uhandisi cha KTH, walihamishia semina zao Zoom kwa haraka ambayo hawakuwahi kuizoea. Kwa upande wa mitambo nchi ilikuwa na pa kuanzia, maana vyuo vyake vimeunganishwa kwa mtandao wa pamoja uitwao Sunet. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyekuwa hajaandaliwa.

Msomaji aliyezoea kumwamkia mwalimu wake shikamoo huenda akashangaa kwamba Uswidi mwanafunzi humwita profesa kwa jina lake la kwanza. Semina ya huko huishi kwa kubishana. Mhadhiri hutazama nani amekunja uso, nani ameacha kuandika, nani anamnong'oneza jirani, na kwa dalili hizo huamua arudie, aruke au aulize. Kamera zikizimwa, dalili zote hizo hupotea. Akiuliza swali na kimya kikatanda, hajui kama watu wanafikiri, mtandao umekatika, au wamekwenda kupika chai. Mtu mwenye wasiwasi hulichukua jibu baya kuliko yote: wamenichoka. Basi hukifukia kimya kwa maneno, huongeza slaidi, na semina hugeuka mhadhara. Wanafunzi nao huzidi kunyamaza.

Mwaka 2012 Keith Trigwell, mtafiti wa Australia, alichapisha utafiti uliolinganisha hisia za wahadhiri na namna wanavyofundisha. Wenye furaha na fahari na kazi yao walielekea zaidi kumlenga mwanafunzi na ufahamu wake. Wenye hofu na aibu walielekea kumimina maarifa tu. Utafiti wa aina hiyo hauonyeshi kipi kinatangulia. Mimi naamini vinasukumana, na ndiyo maana siafiki semina za mafunzo zinazomfundisha mhadhiri vitufe vya programu na kumwacha na hofu yake.

Uswidi ilikuwa na hazina yake katika kufundisha wanafunzi wasioonekana. Hans Hermod alianzisha masomo kwa njia ya posta mjini Malmö mwaka 1898, na taasisi ya Hermods ikasomesha vizazi vya watu waliokuwa mbali na madarasa. Börje Holmberg, aliyewahi kuiongoza, alijenga nadharia yake juu ya hoja moja: somo la masafa liandikwe kama mazungumzo, na mwanafunzi ahisi kwamba upo upande wa pili mtu anayemjali. Kwa Holmberg, uhusiano huo ulikuwa sehemu ya njia ya kufundishia. Mwalimu wa posta hakuona uso wa mwanafunzi hata siku moja, lakini kazi iliyosahihishwa kwa maelezo marefu ilimpa kila mmoja habari za mwenzake.

Mtandaoni hoja hiyo inatekelezeka. Mhadhiri aulize swali ambalo kila mtu ataliandikia jibu, badala ya kusubiri jasiri mmoja awashe maikrofoni. Awagawe wanafunzi watatu watatu kabla ya mjadala wa wote. Avumilie kimya pia: Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya Marekani miaka ya 1970, aliona walimu husubiri jibu kwa takriban sekunde moja, na kwamba wakifikisha tatu, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Kwenye mtandao unaochelewesha sauti, hata tatu ni chache.

Kusoma majibu ya wanafunzi sitini na kuyajibu hula jioni nzima. Chuo kinachotaka elimu ya masafa yenye uhai, kiwe Stockholm au Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kiziingize saa hizo kwenye hesabu ya kazi na kuzilipia kama saa za kufundisha.