Kijiji cha Watawa Juu ya Kaburi Takatifu

Kituo cha tisa cha Njia ya Msalaba, mjini Yerusalemu, ni pale Wakristo wanapokumbuka Yesu kuanguka mara ya tatu. Vikundi vya mahujaji kutoka Afrika Mashariki husali hapo, huimba kidogo, kisha kiongozi wa msafara huwahimiza wasonge mbele kwa kuwa foleni ya Kaburi Takatifu ni ndefu. Wengi huondoka bila kujua kwamba mlango ulio hapo jirani unaingia katika kijiji cha Waafrika wenzao.

Kijiji chenyewe kipo juu ya paa la Kanisa la Kaburi Takatifu. Chini yake ni kanisa la Mtakatifu Helena, na katikati ya ua limeinuka kuba linaloingiza mwanga huko chini. Pembeni kuna vibanda vya watawa wa Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia, vifupi, vya kuta zilizopakwa chokaa, na milango ya kijani ambayo mtu mzima huinama ili apite. Mahali hapo panaitwa Deir es-Sultan. Watawa huishi humo mwaka mzima, jua la kiangazi na baridi ya Januari.

Waethiopia hawajioni wageni Yerusalemu. Matendo ya Mitume, sura ya 8, inamsimulia towashi wa Kushi aliyekwenda kuabudu huko, akabatizwa na Filipo akiwa njiani kurudi. Wao humhesabu kuwa mzee wao. Hata kabla yake, husema, alitangulia Malkia wa Sheba. Katika kanisa dogo lililo pembeni mwa ua huo kuna mchoro mkubwa wa malkia huyo akipokewa na Mfalme Sulemani.

Hujaji wa Kiethiopia utamtambua kwa mbali. Wanaume kwa wanawake hujitanda shuka jeupe la pamba, netela. Mlangoni mwa kanisa huvua viatu, hubusu mwimo wa mlango, husujudu hadi paji la uso liguse sakafu. Ibada ni ya kusimama kwa saa nyingi, kwa lugha ya Kige'ez, ndiyo maana wazee hushika fimbo ndefu za kuegemea ziitwazo mequamia. Kwaresima yao ni ya siku 55, bila nyama, maziwa wala mayai, na wacha Mungu hawali chochote hadi alasiri. Kwa hiyo anayefika Yerusalemu wakati wa Pasaka hafiki kama mtalii aliyetoka kupata kifungua kinywa hotelini. Anafika amekwisha kusafiri kwa mwili wake kwa karibu miezi miwili. Nasema bila kusita kwamba hapo ndipo hija inapoanzia, na kwamba sisi tunaolipia tiketi na kufungasha sanduku tuna la kujifunza kwao.

Usiku wa Jumamosi Kuu, hema huwekwa juu ya paa. Makasisi hutoka wamevaa majoho ya kung'aa, wakifunikwa kwa miavuli yenye nakshi, nao huongoza maandamano kulizunguka kuba. Ngoma kubwa iitwayo kebero hupigwa kwa mikono, kwanza polepole, halafu kasi inapanda. Njuga za chuma, tsenatsil, hutikiswa kwa kufuata mwendo wa miguu. Mamia ya watu wenye mishumaa hufuata nyuma. Wanawake hupiga vigelegele, vigelegele vilevile vya harusini kwetu, na mgeni kutoka Moshi au Machakos hahitaji mkalimani kujua kwamba ni furaha.

Maisha ya paa yana pia machungu yake. Chini ya utaratibu uliothibitishwa na watawala wa Kiosmani mwaka 1852, madhehebu yanayogawana Kaburi Takatifu hayawezi kubadili chochote bila makubaliano. Wakopti wa Misri hudai kwamba Deir es-Sultan ni yao. Usiku wa Pasaka ya mwaka 1970, Wakopti walipokuwa ibadani, Waethiopia walibadilisha makufuli, na mwaka 1971 mahakama kuu ya Israeli iliposema funguo zirudishwe, serikali haikutekeleza. Mwaka 2002 mtawa wa Kikopti alisogeza kiti chake kivulini siku ya joto kali, ugomvi ukazuka, watu 11 wakajeruhiwa. Kwa miaka mingi nyumba zilikuwa zikichakaa kwa sababu anayekarabati ndiye anayeonekana kuwa mwenye mali. Inauma kuona ndugu wa imani moja, na wa bara moja, wakifikia hatua hiyo. Hata hivyo hujaji asifichwe jambo hili. Utakatifu wa mahali hauwaondolei wakaao hapo ubinadamu wao.

Na wasiokuwa na uwezo wa kufika Yerusalemu? Ethiopia iliwajengea ya kwao. Huko Lalibela, katika milima ya kaskazini, kuna makanisa 11 yaliyochongwa katika mwamba, ambayo mapokeo yanasema ni kazi ya mfalme Lalibela aliyetawala mwishoni mwa karne ya 12 na mwanzoni mwa karne ya 13. Kijito kinachopita hapo kinaitwa Yordani, na moja ya makanisa hayo linaitwa Golgota. Kila tarehe 7 Januari, sikukuu ya Kuzaliwa kwa Bwana, mahujaji humiminika huko, wengine baada ya kutembea kwa miguu siku kadhaa.

Enyi viongozi wa misafara, wachungaji na mapadre mnaopanga ratiba za hija: punguzeni kituo kimoja cha maduka, muwape watu wenu saa moja juu ya paa lile. Vueni viatu, simameni nyuma kabisa, msali pamoja nao.