Tulivyounganisha ordinatere ya kwanza ya ushirika wetu Yangambi



Msimu mmoja mchwa waliingia ndani ya sanduku la ofisi yetu wakala daftari la mizani. Hawakulimaliza lote, lakini walikula kurasa za mpunga wa miezi miwili. Siku ya kugawa makuta, kila mtu alikuja na hesabu yake kichwani. Huyu anasema alileta gunia sita, karani anakumbuka nne. Wanachama wawili waliondoka siku ile na hawakurudi. Kama walikuwa na haki au hapana, hatuwezi kusema, maana ushahidi uko tumboni mwa mchwa.

Kwa sababu hiyo mkutano mkuu ulikubali tupate ordinatere, yaani kompyuta. Hatukununua iliyo tayari. Tulinunua vipande Kisangani, tukaviunganisha wenyewe hapa Yangambi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amewahi kufungua mashine ya namna hiyo. Tunaeleza hapa tulivyofanya, pamoja na makosa yetu, ili wenzetu wa Isangi, Yanonge, Opala na kwingine wasiyarudie.

Kwa nini ya mezani, na kwa nini vipande?

Kompyuta ya kubeba mkononi ina uzuri wake: inakula umeme kidogo na iko na batri yake ndani. Lakini klavie ikifa, au batri ikichoka, kazi inasimama, na kipande chake ni vigumu kupata. Ya mezani ni kama baiskeli. Mnyororo ukikatika unanunua mnyororo, hununui baiskeli nyingine.

Sababu ya pili ni njia. Toka Kisangani mpaka hapa ni kama kilomita 100, kwa balenieri juu ya mto au kwa moto kwenye barabara tunayoijua wote. Ndani ya kompyuta iliyounganishwa kuna chuma kizito cha kupoza, na kimeshikwa na skrubu ndogo tu. Kikitikiswa safari nzima kinaweza kuvunja ubao. Vipande vikisafiri kila kimoja katika boksi lake, vinafika salama.

Sababu ya tatu ndiyo kubwa: anayeiunganisha mwenyewe anajua kuifungua siku ikigoma. Hangoji fundi ashuke mto.

Umeme mbele ya mashine

Kosa la kwanza tulikaribia kulifanya hapa. Tulitaka kutumia makuta yote kwa mashine. Kijana mmoja fundi wa sola akatuuliza: "Sasa mutaiwasha na nini?" Tukanyamaza. Ofisi yetu haina waya wa umeme.

Hesabu si ngumu. Kompyuta ndogo ya kazi za ofisi inakula kama wati 40. Ekrani bapa inakula kama wati 20. Jumla 60. Konvetisere, kile kisanduku kinachogeuza umeme wa batri wa volti 12 kuwa volti 220, nacho kinakula sehemu yake, kwa hiyo tuhesabu 70. Ukifanya kazi saa 4 kwa siku, 70 mara 4 ni wati-saa 280.

Batri ya volti 12 na amperi-saa 100 inabeba wati-saa 1,200. Lakini batri ya risasi usiikamue kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Nusu ni 600, na hizo zinatosha siku mbili za mvua. Kwa pano, tulihesabu saa 4 za jua kali kwa siku. Pano ya wati 150 ingetoa 600, lakini mawingu, joto, vumbi na waya vinapunguza, basi tukahesabu nusu tu, 300. Inatosha.

Msiogope mkiona kisanduku cha umeme cha kompyuta kimeandikwa "450 W". Hiyo ni nguvu ya mwisho kinayoweza kutoa, si ile mashine inayokula kila saa.

Mwishoni umeme ulichukua makuta kuliko mashine yenyewe. Mwenye kupanga bajeti ajue hilo mapema, asije akabaki na mashine nzuri iliyofunikwa kitambaa.

Vipande sita

Ukifungua kasha unaona waya nyingi na moyo unaruka. Lakini vipande vikubwa ni sita tu:

- Prosesa. Huyu ndiye karani anayefanya hesabu zote. Ni bapa, mdogo kuliko kiberiti, na anapata moto sana, ndiyo maana juu yake kunawekwa chuma cha kupoza na feni.
- Rami. Ni mkeka wa kuanikia. Kile unachofanyia kazi sasa kinatandazwa hapo. Umeme ukikatika, mkeka unakunjwa na kila kitu ambacho hakijahifadhiwa kinapotea. Sisi tulichukua gigabaiti 8.
- Diski. Ni ghala. Kinachowekwa humo kinabaki hata umeme ukizimwa. Tulichagua diski ya namna ya SSD kwa sababu haina kitu kinachozunguka ndani. Inavumilia kutikiswa na inakula umeme kidogo.
- Ubao mama, ule mafundi wa mjini wanaouita karte mere. Ni uwanja wa soko, wote wanakutana hapo.
- Kisanduku cha umeme, au alimantasio. Kinapokea volti 220 na kugawa volti ndogo kwa kila kipande.
- Kasha la kufunika vyote.

Nje yake kuna ekrani, klavie na suri.

Jambo la kuangalia sana ni kwamba vipande si vyote vinaoana. Prosesa ya aina moja haiingii kwenye ubao wa aina nyingine. Rami ya DDR3 haiingii mahali pa DDR4, kile kijino cha katikati hakipo mahali pamoja. Kwa hiyo chagua prosesa kwanza, kisha ubao unaoipokea, kisha rami inayokubaliwa na ubao huo.

Tena, kama vipande vimeshatumika, mwambie muuzaji aviunganishe juu ya meza yake na kuviwasha mbele ya macho yako. Ukiona ekrani imewaka, lipa, kisha vifunguliwe na kufungwa vizuri. Kurudisha kipande kibovu Kisangani ni safari nzima ya mto.

Siku ya kuunganisha

Tulitandika kitambaa kikavu cha pamba juu ya meza ya mbao. Wanachama walikuja wengi kuangalia, na hiyo ilikuwa haki yao, makuta yalikuwa yao. Tulikuwa na bisibisi moja ya msalaba na karatasi yenye hatua zote. Mama karani wa mizani ndiye aliyeshika karatasi na kusoma kwa sauti.

1. Gusa chuma cha kasha kwanza, ili umeme mdogo wa mwilini utoke. Huusikii, lakini unaweza kuua kipande.
2. Fungua kikufuli cha prosesa. Pembeni mwa prosesa kuna pembe tatu ndogo, na kwenye ubao kuna nyingine. Zikutanishe, kisha iache prosesa iingie yenyewe. Usisukume.
3. Weka dawa ya kupitisha joto katikati ya prosesa, kiasi cha punje ya mchele. Funga chuma cha kupoza, skrubu moja kisha ile ya pembe ya pili, kidogo kidogo, ili kikae sawa.
4. Ingiza rami na uikandamize mpaka klipsi zote zilie "ka!"
5. Funga vile vimguu vya shaba ndani ya kasha, kisha ulaze ubao juu yake. Mgongo wa ubao ukigusa chuma cha kasha, umeme unapita njia mbaya na ubao unaungua.
6. Chomeka waya: ule mpana wa umeme wa ubao, ule mdogo karibu na prosesa (wengi wanausahau), waya za diski, na zile nyembamba za kibonyezo cha kuwashia.
7. Angalia nyuma ya kisanduku cha umeme. Vingine vya zamani viko na kibonyezo chekundu cha 115 na 230. Lazima kiwe kwenye 230, la sivyo kinalipuka siku ya kwanza.

Bon, tukabonyeza. Feni ikazunguka, watu wakapiga makofi. Lakini ekrani ilibaki nyeusi. Tukangoja. Nyeusi tu. Nyuma yetu mtu akasema polepole: "Makuta yetu yameliwa." Hatukuwa na jibu.

Tukazima, tukatoa waya wa umeme, tukaanza kukagua hatua kwa hatua. Mama karani akainama, akauliza: "Mbona hapa klipsi moja imesimama na ile nyingine imelala?" Ilikuwa rami. Upande mmoja haukuwa umeingia. Tukakandamiza, "ka!", tukawasha tena, na maandishi yakatokea.

Fundi wa sola alituambia baadaye kwamba kosa hilo linawapata wengi mara ya kwanza. Ekrani ikiwa nyeusi, usikimbilie kununua kipande kipya. Zima, toa waya, kagua rami na ule waya mdogo wa prosesa.

Programu bila kulipa kila mwaka

Mashine bila programu ni kama jembe bila mpini. Tulitumia Linux ya namna ya Ubuntu, iliyoanza kutolewa mwaka 2004 na ambayo haidai malipo. Tuliibeba kwenye flashi toka Kisangani, kwa hiyo hatukuhitaji intaneti hapa. Kwa daftari tunatumia LibreOffice, nayo ya bure, na iko kwa Kifaransa. Tena, virusi vingi vinavyotembea kwenye flashi za mjini vimetengenezwa kwa Windows, havisumbui sana Linux.

Daftari letu lina safu sita: tarehe, jina, bidhaa, kilo, bei na jumla. Safu ya jumla inajihesabu yenyewe, kilo mara bei. Karani haandiki jumla kwa mkono, kwa hiyo hakuna wa kusema alikosea kuzidisha.

Lakini wiki ya kwanza kila mzigo uliandikwa tarehe ya miaka mingi nyuma. Tulidhani mashine imerogwa. Kumbe juu ya ubao mama kuna kibatri kidogo kama sarafu, kinaitwa CR2032, kinachotunza saa mashine ikizimwa. Cha kwetu kilikuwa kimekufa. Kukibadilisha ni kazi ya dakika moja. Kwa ushirika hili si jambo dogo, maana bei ya mpunga inabadilika, na tarehe ya uongo ni malipo ya uongo.

Kuilinda na mvua, radi na wadudu

- Weka kasha juu ya meza, mbali na ukuta. Miguu ya meza isimame ndani ya mikebe yenye mafuta machafu ya moto, mchwa na siafu hawapandi.
- Washa mashine angalau kila siku mbili, hata kama hakuna kazi. Joto lake linafukuza unyevu.
- Radi ikianza kulia, zima na utoe waya zote, za pano pia. Kuzima kibonyezo peke yake hakutoshi.
- Funika matundu yasiyotumika. Mende na mijusi wanapenda joto la ndani.
- Kila miezi mitatu fungua na usafishe vumbi kwa brashi laini na kavu, mashine ikiwa imezimwa.

Daftari la karatasi halijafa

Wazee wetu wanakumbuka kwamba Yangambi ni mahali pa kuandika. INEAC, iliyozaliwa mwaka 1933 na ambayo leo ni INERA, iliandika mvua na joto siku kwa siku, kwa mkono. Karatasi nyingi za hali ya hewa za INEAC zilihifadhiwa Ubelgiji, na miaka ya karibuni zimepigwa picha na namba zake kuingizwa kwenye kompyuta, ili wachunguzi waone hali ya hewa inavyobadilika. Karatasi iliyotunzwa vizuri ilidumu, na kompyuta ikaifanya isomwe na wengi. Vyote viwili vina kazi.

Sisi pia tumeamua hivyo. Mzigo ukipimwa, karani anaandika kwanza kwenye karatasi, na mwenye mzigo anatia saini. Jioni inaingizwa kwenye mashine. Kila Jumamosi nakala inawekwa kwenye flashi mbili: moja inalala kwa mwenyekiti, nyingine kwa mweka hazina, nyumba mbalimbali. Mwisho wa mwezi orodha inasomwa kwa sauti mbele ya wanachama, jina kwa jina, kilo kwa kilo. Sheria ya OHADA ya mwaka 2010 inataka ushirika utunze daftari la wanachama. Sisi tunaona la mizani nalo lina uzito uleule.

Mashine haileti uaminifu. Karani akiandika uongo, itahesabu uongo ule vizuri kabisa. Inachofanya ni kuzuia jambo lisipotee, na kila mtu aweze kuuliza na kuonyeshwa.

Wale wawili walioondoka tumewatumia ujumbe waje kusikiliza orodha ya mwezi huu. Mmoja alikuja. Alisimama mlangoni mpaka mwisho, hakusema kitu. Wiki iliyofuata alileta gunia mbili za mpunga, akasubiri mpaka akaona jina lake kwenye ekrani, ndipo akaenda nyumbani.